Mnada wa mtandaoni au duka la mtumba? Kununua treni ndogo za mfano ukiwa Malindi

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja fundi simu wa mtaa wa Kisumu Ndogo hapa Malindi alikuja nyumbani, akaketi mbele ya meza yangu ya reli karibu saa nzima bila kusema neno. Kisha akauliza: "Mzee, vitu hivi nivinunue wapi? Kwenye mnada wa eBay naona kichwa cha treni pauni kumi na tano, na dukani hicho hicho ni hamsini. Si bora mnada?"

Nilimjibu kwa ufupi siku ile, na jibu langu halikuniridhisha. Namjibu tena hapa kwa urefu, yeye na wengine walio kama yeye.

Marehemu baba alikuwa mtu wa reli, kituo cha Voi, na mimi nimekua nikisikia mabehewa yakigongana usiku. Tuliporudi Malindi sauti ile ikakatika. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilielekea bara hadi ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na treni ya SGR ya mwaka 2017 nayo ikapita Mariakani na Voi. Huku kwetu mpenda treni hana budi kuzijenga mezani, na vitu vyake vitoke ng'ambo. Kutoka ng'ambo ndiko kunakobadilisha hesabu yote. Mwingereza akinunua kibovu hupanda basi akakirudisha. Sisi tukinunua kibovu, nauli ya kukirudisha inaweza kuizidi bei yake.

Kwanza reli, ndipo muuzaji

Kosa langu kubwa halikuwa la bei. Nilinunua mnadani kichwa cha Märklin, kampuni ya Ujerumani, kizima, kisafi, ndani ya sanduku lake. Muuzaji hakunificha kitu. Nilipokiweka relini kikapiga shoti, taa ya transfoma ikazimika. Märklin ya aina ile hutumia umeme wa AC (mkondo geu): magurudumu yake ya kulia na kushoto hayakutenganishwa, na umeme wa pili huupata kwa ulimi mrefu wa chuma ulio tumboni, unaogusa vitone vya katikati ya reli. Reli zangu ni za DC, volti 12, upande mmoja chanya na mwingine hasi. Magurudumu yale yaliunganisha pande zote mbili papo hapo. Picha moja ya tumbo ingetosha kunionya, na mimi sikuiomba.

Kwa hiyo chagua mfumo kabla ya kufungua mnada wowote. Treni nyingi za Kiingereza ni za kipimo cha OO, yaani kitu halisi kimegawanywa kwa 76. Za bara la Ulaya ni HO, mgawanyo wa 87. Zote mbili hutembea juu ya reli ya milimita 16.5, kwa hiyo zinaweza kuchanganyika mezani, ila za HO zitaonekana ndogo kidogo. N ni ndogo zaidi, reli ya milimita 9, na inamfaa mwenye chumba kidogo. Mimi siipendekezi kwa mtu wa pwani anayeanza: reli na magurudumu yake ni madogo mno, na vumbi letu lenye chumvi halihitaji kuwa jingi kuisimamisha.

Anayetaka kuiona SGR mezani pake atanunua HO. Gawanya milimita 1,435, upana wa reli ya SGR, kwa 87 upate karibu 16.5. Anayeota reli ya zamani, ile ya baba zetu, ana kazi zaidi, kwa sababu upana wake ni mita moja, na mita moja kwa 87 ni milimita 11.5. Reli iliyo karibu ni ya HOm, milimita 12, inayotumiwa kwa treni za milimani Uswisi, na kampuni ya Bemo ndiyo inayojulikana zaidi kwa vitu hivyo. Havishuki bei hata vikiwa mtumba. Lakini vichwa 34 vya mvuke vya Garratt vya daraja la 59, vilivyoundwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, vilipita juu ya mita moja hiyo. Anayevipenda namwelewa kabisa.

Fundi wangu amechagua OO. Ni uamuzi mzuri, kwani mtumba wa OO ndio mwingi zaidi Uingereza, na transfoma za huko zina plagi ya pini tatu kama yetu na zinakubali umeme wetu wa volti 240. Zile za Marekani zimetengenezewa volti 120, usizichomeke ukutani.

Mnada wa wazi: eBay na mfano wake

Huu ndio uliomvutia kijana, na haki yake. Ndiko kwenye vitu vingi kupita pengine popote. Mtu anafariki, watoto wanafungua dari, wanakuta masanduku ya treni za kampuni za Hornby, Lima na Bachmann, wanayapiga picha na kuyanadi. Wao hawajui treni, na hapo ndipo penye faida na hatari kwa pamoja.

Uwekaji wa dau wenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Unaandika kiwango chako cha juu, tuseme pauni 30, na mtambo unakupandishia kidogo kidogo, kiasi cha kumpita mwenzako tu. Mwenzako akiishia 21, utalipa 21 na nyongeza moja ndogo, ile 30 haijui mtu. Kabla ya kuandika kiwango hicho, chuja uone vitu vilivyokwisha kuuzwa, usitazame vinavyonadiwa sasa. Bei aliyoandika muuzaji ni matumaini yake. Bei iliyolipwa ndiyo soko.

Mnada wa eBay hufungwa kwa sekunde yake, na wazoefu husubiri sekunde za mwisho ndipo warushe dau. Wauzaji wengi wa Uingereza hupenda kufunga Jumapili jioni. Saa mbili usiku ya London ni saa nne usiku kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa tano wakati wa baridi yao. Nimewahi kukesha hivyo, stima ikapotea zikiwa zimebaki dakika mbili, na mtandao ukaenda nayo. Tangu siku hiyo naandika kiwango changu baada ya magharibi, naswali isha, nalala. Naamka nimeshinda au nimeshindwa, lakini sijapandishwa na hamaki ya usiku.

Kwa mtu wa Malindi udhaifu wa njia hii ni maelezo. Ukisoma "haijajaribiwa" kutoka kwa mtu mwenye transfoma na reli kwenye picha ile ile, fahamu kwamba ameshaijaribu. Ukiisoma kwa mjane anayeuza vitu vya mumewe, inaweza kuwa kweli. Andika umuulize. Muuzaji asiyejibu swali moja la adabu ndani ya siku mbili, mimi humwacha, hata kitu kiwe cha kupendeza vipi.

Maswali yangu huwa haya. Je, kinatembea mbele na nyuma, na taa zinawaka? Nitumie picha ya tumbo na ya ncha zote mbili. Namba iliyo kwenye sanduku inalingana na kichwa chenyewe? Kwa Hornby namba hiyo huanza na R, na ni kawaida kukuta kichwa kimoja ndani ya sanduku la kingine. Kisha swali ambalo wengi hawalijui: je, kuna ufa au uvimbe wowote kwenye sehemu za chuma cha kumimina? Aloi ya zinki iliyochanganyika na uchafu, hasa risasi, huoza kutoka ndani. Huvimba, hupinda, mwisho humeguka kama biskuti iliyopata maji. Kichwa kinaweza kupigwa picha nzuri kwa mbele huku fremu yake imeshakufa, na ugonjwa huo hauna dawa.

Madalali wenye ukumbi

Njia ya pili ni madalali wa kweli, wenye ukumbi na nyundo, ambao siku hizi minada yao huonyeshwa moja kwa moja mtandaoni. Vectis ya kaskazini mwa Uingereza ni wakubwa katika vitu vya kuchezea vya zamani, na wako wengine. Hapa kitu kimepita mikononi mwa mtu anayejua anachokitazama, akakiandikia hali yake kwenye orodha. Vitu vya zamani kweli, kama Hornby Dublo ya chuma ya kuanzia mwaka 1938, naviamini zaidi huku kuliko kwa mtu binafsi.

Lakini bei ya nyundo, yaani dau lililoshinda, si bei utakayolipa. Juu ya dau lako kuna kamisheni ya mnunuzi, ambayo mara nyingi huwa asilimia 20 hadi 25, kisha kodi juu ya kamisheni hiyo, na jukwaa ulilotumia kuweka dau linaweza kuongeza ada yake. Wengi wao hawafungi mizigo ya ng'ambo wenyewe, bali hukuelekeza kwa msafirishaji. Mtumba wa pauni 30 haubebi gharama zote hizo.

Catawiki ya Uholanzi iko katikati ya njia hizi mbili. Wauzaji ni watu binafsi, ila wataalamu wa jukwaa hukagua kila tangazo kabla halijanadiwa, na mnunuzi hutozwa ada. Napenda jinsi mnada wake unavyofungwa: dau likiingia dakika ya mwisho muda huongezwa, hivyo hakuna anayenyakua kwa sekunde moja. Vitu vyake vingi ni vya bara la Ulaya, kwa hiyo mtu wa HO atafaidi kuliko mtu wa OO.

Duka la mtumba lenye bei yake

Kuna maduka makubwa yanayonunua mikusanyo ya watu, yanaisafisha, yanaijaribu, yanaipa daraja na kuiuza kwa bei iliyoandikwa. Hattons, iliyoanzia Liverpool mwaka 1946, ilikuwa miongoni mwa mashuhuri hadi ilipofunga mwaka 2024. Rails of Sheffield bado ipo. Ile pauni 50 aliyoiona kijana, dhidi ya 15 ya mnadani, inanunua jambo moja: mtu amekiweka kichwa kile relini na kukiona kinakwenda, na jina la duka liko nyuma ya neno lake.

Kwa aliye Sheffield neno hilo pengine halifikii pauni 35 za tofauti. Kwa aliye Malindi naona linafika, kwa kitu chenye mota.

Hesabu ya kichwa kimoja

Nimpe kijana mfano. Tarakimu ni za kukisia, mpango wa hesabu ni wa kweli. Tuseme kichwa kimefungwa pauni 30 kwenye eBay na posta hadi Kenya ni 22: jumla 52. Kwa dalali, nyundo 30, kamisheni ya asilimia 25 ni 7.50, kodi ya asilimia 20 juu ya kamisheni ni 1.50, msafirishaji 35: jumla 74. Dukani, 45 na posta 22: jumla 67.

Kisha forodha. Kenya mara nyingi hutoza juu ya thamani ya kitu pamoja na bima na nauli, kwa hiyo ile 22 ya posta nayo inaweza kutozwa. VAT peke yake ni asilimia 16, na kuna ushuru, ada ya tamko la uingizaji, na Tozo ya Maendeleo ya Reli iliyoanzishwa mwaka 2013 kusaidia ujenzi wa SGR. Hiyo ya mwisho naitoa kwa moyo mweupe. Kila treni ndogo iliyofika mezani kwangu kwa njia ya haki imechangia ile kubwa. Hifadhi risiti ya malipo na uiweke tayari, kwa sababu bila risiti thamani itakadiriwa na mwingine.

Linganisha sasa 52 na 67. Katika mfano huu tofauti ni 15 tu, si ile 35 aliyoiona kijana. Kama kati ya vichwa vinne vya mnadani kimoja tu kikija kibovu kisichofaa, umepoteza 52, na zile 15 ulizookoa kwa kila kimoja cha vile vitatu ni 45. Umerudi pale pale, na huzuni juu yake.

Lakini nauli haiongezeki sawasawa na vitu. Kifurushi chenye mabehewa kumi hakigharimu mara kumi ya chenye behewa moja. Ndiyo maana fungu la mchanganyiko, sanduku zima la mabehewa, majengo na vipande vya reli, ndilo linalofaa kununuliwa mnadani. Behewa halina mota. Likija na gurudumu lililovunjika au ndoano iliyokatika, unabadilisha kwa shilingi chache na linatembea. Nusu ya stesheni yangu imetoka kwenye mafungu ambayo hakuna aliyeyataka kwa sababu ya picha mbaya.

Tahadhari moja kwenye mafungu hayo ni reli. Reli nyingi za mtumba za zamani ni za chuma cha kawaida, na upepo wetu wa kusi huzila. Nilizilaza msimu mmoja tu karibu na dirisha la baharini, zikawa nyekundu. Tafuta za aloi ya nikeli, ambazo watu huziita nikeli silva ingawa hazina fedha ndani. Mwombe muuzaji aweke sumaku juu ya reli: ikinasa, ni chuma, mwachie. Kwa kweli reli ni kitu ambacho ningependa mtu wa pwani anunue kipya.

Transfoma za mtumba nazo ziache. Ni nzito kwa posta na waya zake za zamani hupasuka ganda.

Kubebewa mkononi

Wengi wetu tuna ndugu ng'ambo. Mpwa wangu yuko Leicester, na mizigo yangu huenda kwake, akija likizo ananibebea. Posta ya ndani ya Uingereza ni ndogo sana ukilinganisha na ya kuja huku, na wauzaji wengi wa eBay hawatumi nje kabisa, kwa hiyo mlango huu hufungua nusu ya soko. Kitu kikizidi kiwango kinachoruhusiwa, kinatangazwa forodhani kama kingine chochote.

Njia hii ina sharti lake. Dhamana ya eBay ya kurudishiwa pesa hupimwa kwa siku 30 tangu kitu kifike kwenye anwani uliyoandika, na kikishapelekwa kwingine baada ya hapo dhamana hiyo imekwisha. Maana yake, ndugu yako asiliweke sanduku chini ya kitanda hadi Desemba. Mpwa wangu nilimnunulia duara dogo la reli na transfoma. Kila kichwa kikifika anakizungusha mara tatu mbele, mara tatu nyuma, ananitumia video. Kama hunaye mtu wa kukufanyia hivyo kwa uaminifu, rudi dukani.

Hapa Malindi tuna bahati ya ziada, majirani wetu Waitaliano, ambao huenda na kurudi kila msimu. Mzee mmoja aliniletea mabehewa ya Rivarossi na Lima ya utoto wake na hakutaka zaidi ya kahawa. Kampuni hizo mbili zilichukuliwa na Hornby mwaka 2004, lakini vitu vya zamani ndivyo vilivyojaa kwenye madari ya Italia. Jua tu kwamba Rivarossi nyingi za zamani ziliundwa kwa mgawanyo wa 80 badala ya 87. Ukiziweka ubavuni mwa HO nyingine zitaonekana zimenenepa, na ubavuni mwa OO zinakaa vizuri ajabu.

Basi kijana anunue wapi?

Ningekuwa nazungumza na mtu wa umri wangu, macho haya na mikono hii, ningesema: vichwa dukani, mabehewa mnadani, vya kale kabisa kwa dalali, na usivichanganye. Ndivyo ninavyofanya mwenyewe.

Yeye ni fundi simu. Ana mashine ya kulehemu yenye ncha ya sindano, ana mita, na ana subira ya kufungua kitu chenye skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Kichwa kingi kinachouzwa kama kibovu kina brashi za kaboni zilizokwisha, mafuta yaliyoganda kwenye gia, au waya mmoja ulioachia. Raba za magurudumu zilizokakamaa hubadilishwa kwa dakika kumi. Kwake yeye "haijajaribiwa" ni punguzo la bei. Namwambia anunue vichwa mnadani, viwili au vitatu kwa fungu moja ili nauli igawanyike, vya aina moja ili kimoja kikifa kiwe spea za vingine. Avikwepe vyenye chipu ya kidijitali kwa sasa, na asiguse kitu chenye ufa wa zinki, maana hapo hata fundi hana la kufanya.

Jana alirudi. Tumepata fungu moja linalofungwa Jumapili: vichwa vitatu vya Lima visivyotembea, mabehewa kumi na moja, na daraja la plastiki lenye nguzo mbili. Vichwa vyake, mabehewa yangu, daraja tutaona. Muuzaji ameshanijibu kuhusu matumbo, picha ni safi. Tumeandika kiwango chetu cha juu, pauni 38, na mzigo utakwenda Leicester.